Chumvi, Daktari Mkuu

Kiharusi kilipomwangusha Fundi, mkono wake wa kulia ulilala na ulimi ukawa mzito. Mkewe akashika ufunguo wa duka la kuchonga vibao, yeye ambaye hata kuwasha kompyuta hakujua. Kila asubuhi alimsukuma mumewe kwenye kiti cha magurudumu mpaka dukani, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kumwangalia.

Siku moja akaja mwenye zahanati mpya aliyekuwa ameagiza vibao vya milango.

"Shemeji, maradhi hayana adabu, sikulaumu," alisema. "Lakini tunafungua Ijumaa na milango yangu iko uchi."

Mke akampigia wifi yake, dada wa Fundi, aliyekuwa mchapaji ofisini. Wawili hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Wifi alidai tangu kaka yake aoe, ndugu wamemkosa. Hata hivyo alikuja.

Violezo vyote, hata vya zahanati vikiwa na vyeo tayari, vilikuwa ndani ya kompyuta. Fundi alikuwa amepanga fremu na herufi kwenye programu ya kuandikia, abadilishe jina tu kazi ikija. Tatizo lilikuwa mashine ya kuchongea. Ilikuwa ya zamani, maandishi haisomi, inataka picha. Wifi akachapa herufi chache za kujaribia, akazigeuza kuwa picha nyepesi, kama zile za kutumiana kwenye simu. Herufi zikatoka kingo zimetafunika kama zimepitiwa na panya.

"Picha ikibanwa, kuna vitu inamwaga njiani," wifi alisema. "Tufanye isiyobanwa. Itakuwa nzito kama gunia la mawe, ila haitapoteza kitu."

Safari hii kingo zilitoka safi, kali kama wembe. Wifi akamwonyesha mwenzake namna ya kufanya: fungua, hifadhi kama picha, nenda kinachofuata. Kisha akatoka kununua maji ya kunywa.

Mke akafanya kama alivyoonyeshwa, tena kwa bidii. Akageuza vyote vya zahanati bila hata kuvisoma, akaipa mashine vibao vya shaba. Wifi aliporudi alichukua cha kwanza, akakisoma kwa sauti.

"Chumvi, Daktari Mkuu." Akachukua kingine. "Chumvi, Mkunga. Wifi! Huyu Chumvi ni nani mwenye vyeo vyote hivi?"

Mke akakitazama kibao. Hakuna aliyekumbuka kubadilisha majina, na picha ikishakuwa picha, huwezi tena kufuta jina ukaandika lingine. Shaba ya watu imeharibika! Lakini kilichomfanya ajifunike uso kwa mtandio hakikuwa hasara.

"Ni mimi," alisema. "Ananiita hivyo tukiwa wawili. Wiki ya kwanza ya ndoa nilimtilia chumvi kwenye chai."

Wifi akafungua violezo vya miaka yote, kimoja baada ya kingine. Kila palipohitaji jina la kushika nafasi, Fundi alikuwa ameandika Chumvi.

Ghafla mabega ya Fundi yakaanza kutikisika. Wote wawili wakamkimbilia, roho mkononi. Kumbe anacheka! Mdomo umeenda upande, machozi yanamtoka, anacheka kwa mara ya kwanza tangu augue. Akainua mkono wa kushoto, akageuza kiganja: juu, chini.

"Upande wa pili!" mke akapiga kelele. "Anasema tuchonge upande wa pili!"

Wakarudi kwenye violezo, wakaandika majina ya kweli, ndipo wakavigeuza kuwa picha. Wakati mashine ikinguruma, wifi alisema bila kumtazama mwenzake, "Mimi kaka yangu hata asante hajawahi kuniambia. Nilidhani hana maneno matamu."

"Anayo. Hayasemi mbele za watu."

"Basi nimekuonea, wifi."

Mke aliinuka. Alimsogezea kiti.

Vibao vilifika zahanati Alhamisi, na mwenyewe akavisifu. Jumamosi wifi alirudi dukani bila kuitwa, akaweka mkoba wake juu ya meza, akauliza kuna kazi gani.