Shanga ya Sitini na Nane

...na kalamu ya daktari Yuster ilikuwa bado juu ya karatasi, pale alipokuwa amewachorea kimeng'enya chenyewe, kile cha ndani ya damu, uzi wa shanga mia tano na kumi na tano uliojikunja ukajisokota, na ubavuni pacha wake, nyuzi mbili zikishikana kulinda damu, na shanga moja tu ikibadilika, mara nyingi ile ya sitini na nane, umbo zima hulegea, dawa fulani zikiingia, damu hupasuka, ndipo mkojo unakuwa mweusi, kama wa Anwari tangu juzi... shanga moja, Mzee Fakihi alilielewa hilo kuliko wote mle wodini, tarakimu moja ikikosewa mtu hapatikani tena kwenye majalada, na yeye hakukosea, tangu tarehe 1 Machi 1971 hadi tarehe 30 Juni 2010 alipostaafu ukarani, lakini ukarani unamsaidia nini mjukuu wake Anwari, miaka sita, anayehema hivi, macho ya njano kama embe... "Ni mizizi yake ile ya kijijini Chiungutwa," alikuwa akisema Mama Sharifu, mama mkwe wa binti yake Shamila, "nilimwambia mwanangu, huyu atatuulia mtoto," na Shamila, bila kuinua uso, "Nilimpa uji, mama, na vidonge vya dukani vya malaria, basi," na daktari, "Mizizi haihusiki, hii hurithiwa, mtoto wa kiume huipata kwa mama yake," "Si nimesema mie, kwa mama yake," "Na mama huipata kwa mama yake, au kwa baba yake, na baba akiwa nayo, hakuna binti yake anayeikosa"... hakuna anayeikosa, na yeye aliyenung'unika miaka yote kwamba huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, wajomba wa Lulindi ndio waamuzi, babu mzaa mama hampi mjukuu hata jina, kumbe kuna alichompa, kimepita kwa Shamila kimya kimya... Septemba 1962, wiki mbili tangu atoke jandoni, shule ya bweni, vidonge vya homa, na asubuhi mkojo wake kama chai ya mkandaa, nyeusi bila maziwa, akaufukia kwa mchanga, maana kule jandoni waliambiwa anayeonja chumvi kabla ya ruhusa atakojoa damu, na yeye alikuwa ameiba dagaa mmoja, mmoja tu, wa chumvi, basi akajua ni adhabu yake, akanyamaza, na katika shajara zake zote, alimoandika hata siku mbuzi walipozaa, ukurasa wa siku ile aliuacha mweupe, miaka sitini na mitatu, kwa ajili ya dagaa... "Upande wenu, Mama Anwari, hakuna mwanaume aliyewahi kukojoa hivi?" daktari akauliza tena, na Shamila akatikisa kichwa, "Kwa wajomba hakuna, dokta," hakumtazama baba yake, kwa nini amtazame, tangu lini baba akawa upande, na Mama Sharifu akaguna, na mtoto akahema, na Mzee Fakihi akaanza na kile pekee alichojua kuanza nacho, "Jumatano, tarehe kumi na mbili Septemba," kwa sauti ndogo mno, hakuna aliyegeuka, na kalamu ilikuwa bado juu ya karatasi...