Ukuta Shingoni mwa Kashindye

Ulipita pale, usikatae. Ulipoufikia ukuta wa mwekezaji, kule ziwani chini ya Nyegezi, ukajifanya unasoma simu. Tulikuona.

Basi sikiliza. Jumatatu asubuhi Kashindye alilala kitandani hospitalini, jeli ya baridi shingoni. Rovu lake, ule uvimbe wa shingo, lilianza mwaka ule mwekezaji alipouzungushia ukuta mwalo wao wa dagaa. Daktari Kokulinda alikuwa akilibonyeza polepole kwa altrasaundi mpya, ile inayopima ugumu: palipo laini kioo huonyesha kijani, palipo pagumu bluu. Pagumu ndipo panapotia shaka ya saratani.

"Meza mate, mama."

Kashindye akameza. Kwenye kioo, wimbi likapiga mchanga.

Ulikuwa mwalo wenyewe, wa enzi zile, kijani kitupu. Dagaa wameanikwa hadi kwenye majabali, wanawake wanawageuza kwa fagio huku wakiimba na kutaniana matusi. Marehemu Odeta, mwenzao wa mwaloni, alikuwa akiwafukuza ndege yangeyange kwa khanga. Chumba kikajaa harufu ya dagaa wa jua la saa nne. Muuguzi alileta dekio, maana maji yalikuwa yameanza kudondoka sakafuni. Paka akaingia, akakaa chini ya mashine.

"Muone Odeta," alisema Teodora, jirani aliyemsindikiza. "Daktari akimwangalia ndiyo anajitia mchapakazi!"

Kashindye akacheka.

"Usicheke mama, kipimo kinaruka," alisema daktari, akasogeza mkono.

Bluu ikatokea. Matofali ya saruji, seng'enge juu, geti limefungwa.

"Umeongezeka huu. Unaelekea kwenye njia ya hewa. Itabidi tukate."

"Na mwalo?"

"Vimeshikana. Ukuta ukitoka, mwalo unatoka nao."

Kashindye alikitazama kioo muda mrefu. Pale ndipo alipowakuzia watoto wake, akiwalaza ndani ya beseni kwenye kivuli cha mtumbwi. Mumewe alimchumbia palepale, mikono yote miwili imejaa magamba ya sato. Hakuwa na picha nyingine ya siku zile.

"Dokta," alisema Teodora, "mwaka jana tulitoboa ule ukuta wa nje. Tofali moja tu, tuchote maji. Kesho yake shingo zetu zikalainika. Walipoziba, zikakaza tena."

"Nakumbuka," alisema daktari, akifuta jeli. "Vipimo vya wanawake wote wa mwalo vilishuka wiki ile."

"Basi mwanangu, kisu kiweke chini," alisema Kashindye. "Bomoa ule wa nje, mwalo wangu uuache."

"Ule wa nje siyo wa idara yetu, mama."

Kashindye akavaa kitenge chake, akashukuru. Mlangoni alipishana na mgonjwa aliyefuata, naye wa mwalo uleule, mchanga umemganda visigino. Muuguzi hakulirudisha dekio stoo.

Ukuta upo mpaka leo, na juzi ulipakwa rangi. Kashindye anakunywa uji tu. Kila akimeza, anasikia wimbi, na kila siku wimbi linasikika kwa mbali zaidi.

Sasa wewe. Umeshasikia tofali moja lilifanya nini. Nyundo unayo, iko nyuma ya mlango wako. Weka simu chini, uje nayo leo hii, wakati bado anameza.