Boga Mlangoni kwa Yaryna

Kitendawili. Nyumba yangu haina paa wala ukuta, ina nguzo mbili na wavu, na mwenyewe husimama mlangoni kuzuia wageni wasiingie. Ukisema goli, umepata. Na mwenye nyumba hiyo, katika klabu ya Waukraini wa Philadelphia, alikuwa Zenon, kijana mrefu mwenye viganja kama sahani.

Klabu iliitwa Smerichka. Ilizaliwa chini ya kanisa, katika chumba ambamo akina mama walikanda unga na kufinya varenyky, vile viandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani, kila Ijumaa. Vita vilikuwa vimewatupa huku, wengi kutoka kambi za wakimbizi za Ujerumani, na wakishapata kazi na padri, kitu cha tatu walichotafuta kilikuwa mpira. Jezi za kwanza zilishonwa kwa mapazia ya ukumbi, yenye maua. Wapinzani wakacheka, wakafungwa, wakaacha kucheka.

Jezi ya kipa aliishona Yaryna, binti wa mwenyekiti Prokip. Alimpima Zenon mabega, akampima tena, akasema tepu ina walakini, akampima tena. Tangu hapo wakawa wanapendana. Shida ni kwamba mjomba wa Zenon alikuwa amempatia kazi Cleveland, na treni ilikuwa ya Jumapili jioni, baada ya mechi na Wataliano. Akiposa akakubaliwa, atabaki. Asipokubaliwa, ndiyo basi, atakwenda zake. Akamwahidi Yaryna kwamba Jumapili asubuhi ataleta washenga.

Yaryna aliamka kabla ya jogoo wa mtu yeyote, akapanga meza, akaweka tayari vitambaa alivyovitarizi kwa uzi mwekundu. Binti wa kwao akikubali, huwafunga washenga vitambaa begani, mambo yakaisha. Akangoja. Chai ikapoa. Baba yake akakohoa, akachungulia dirishani, akakohoa tena. Hakuja mtu.

Mechi ilipoanza, Yaryna alikuwa ameketi ukingoni mwa uwanja, na kile kitambaa kizuri kuliko vyote amekikalia, makusudi kabisa, kwenye nyasi mbichi. Zenon alikuwa golini kwa mwili tu. Bao la kwanza lilimpita miguuni. La pili alilitazama kama mtu anayetazama basi lisilo lake. La tatu tusiliseme; hata Mtaliano aliyelifunga aliomba radhi.

Wakati wa mapumziko Yaryna akamfuata Teofil, yule beki mnene aliyekuwa awe mshenga mkuu, akamuuliza kwa nini wamemfanyia vile. Teofil akamkodolea macho.

"Dada, unatuuliza sisi? Tumekuja na mkate mkononi, tumevaa tai, tukakuta boga mlangoni. Tukageuza."

Maana kwao msichana asiyemtaka mtu hahangaiki na maneno. Humpa boga, naye hurudi nalo kwao kijiji kizima kikimwona.

"Na boga lenyewe," Teofil akaendelea kwa uchungu, "lina macho, lina meno. Linamcheka! Kwetu hata aliyekataliwa alikuwa na heshima yake."

Yaryna alicheka mpaka akakaa chini. Boga lilikuwa la Bi Dunleavy, mwenye nyumba wao, mama wa Kiayalandi, ambaye kila mwisho wa Oktoba hulichonga sura akaliweka mlangoni kama wafanyavyo Wamarekani. Yaryna, mwaka wake wa tatu hapa, alikuwa amelizoea hata halioni. Zenon alifika Februari, na Teofil baada yake. Wangejuaje?

Alimkuta nyuma ya goli, sanduku la safari kando yake. Akamshika kidevu, akamgeuzia uso upande wa barabara.

"Nyumba ile ina nini mlangoni?"

"Boga."

"Na ile ya pili?"

"Boga."

"Na ile ya polisi je? Wewe Zenon, mtaa mzima umekukataa? Huyo polisi ulimposa lini?"

Masikio ya Zenon yakawaka. Yaryna akamfunga kile kitambaa mkononi, na nyasi zake.

Kipindi cha pili Wataliano walipiga juu, wakapiga chini, wakapiga vichwa. Zenon aliidaka mipira yote huku akicheka, jambo linalomuudhi sana mpigaji. Wenzake wakapata moto, mabao matatu yakarudi yote. Dakika za mwisho, penalti kwa Wataliano. Zenon akaruka, akaukumbatia mpira. Badala ya kuupiga mbele, akatoka nao mbio, ameubana kwapani, akapita katikati ya uwanja huku Wataliano wakimpisha, mpaka kwa mzee Prokip. Akapiga goti.

"Baba, washenga walipotea njia. Nimekuja mwenyewe. Naomba binti."

Prokip akamtazama binti yake, akamtazama refa anayekuja mbio na filimbi.

"Binti nimekupa. Mpira weka chini, mjinga wewe."

Refa akauliza kuna nini; Teofil akamweleza kwa Kiingereza chake cha kubahatisha. Refa akampa Zenon mkono, akamtakia watoto wengi, kisha akapuliza filimbi: mpira wa adhabu kwa Wataliano. Mpigaji akatazama goli lisilo na mtu, akawatazama Waukraini wote wakimrusha Zenon hewani, akafunga taratibu. Nne kwa tatu. Hakuna mtu wa Smerichka aliyejua kwamba wamefungwa mpaka kesho yake, kazini.