Ndugu yake Tobi

Jumanne ile daktari wa mifugo alishuka Bukoba kwa meli ya asubuhi kutoka Mwanza, akanywa chai barazani kwa Bwana Whitlock, kisha akamchoma mbwa sindano ya kwanza begani. Josia mpishi alikuwa jikoni akimenya viazi. Aliweka kisu chini, akashika bega lake la kushoto, halafu akaendelea kumenya taratibu, kwa kuwa wageni wangekula saa saba. Jioni bega lilikuwa limevimba kama yai la kuku. Mkewe, Alistidia, alilikanda kwa maji ya moto na chumvi katika chumba chao nyuma ya nyumba ya Bwana.

"Ni upande uleule?" aliuliza.

"Uleule."

"Zimebaki ngapi?"

"Mbili. Halafu karatasi, halafu sanduku, halafu meli."

Alistidia alichovya kitambaa tena. Maji yalikuwa bado ya moto, lakini vidole vyake vilikuwa baridi.

Jambo lenyewe lilianza mwaka uliotangulia. Josia na Rugaibula, fundi seremala, walikuwa marafiki tangu walipochunga mbuzi pamoja kule Kagoma, na walipofika umri wa kuota mvi waliona ni vema wanywe omukago, wawe ndugu wa damu. Kanisa lilikataza. Kwa hiyo hawakuthubutu kufanya nyumbani. Walichagua baraza ya jiko la mzungu, mahali ambapo mzee wa kanisa asingefika. Walipasua tunda moja la mbuni, ambalo punje zake mbili hulala pamoja kama pacha. Josia alijichanja karibu na kitovu, akaipaka punje yake damu, akaiweka kiganjani ili Rugaibula aichukue kwa midomo. Rugaibula alikuwa bado anahangaika na wembe. Tobi, mbwa wa Bwana, akapita, akailamba ile punje na kuimeza. Kisha akalamba na chale ya Josia, na ulimi wake ulikuwa unatoka damu, kwa kuwa alikuwa ametoka kutafuna mfupa.

"Haya, umepata ndugu Mzungu," Rugaibula alisema. "Siku akirithi Ulaya usinisahau, mimi ndiye niliyeleta kahawa."

Walicheka sana. Kesho yake Tobi alikanyaga mwiba ufukoni, na Josia akachechemea siku tatu. Hawakucheka tena. Rugaibula alikwenda kuuliza kwa wazee, akarudi na jibu alilolijua tangu mwanzo: omukago haufuliwi kama shati. Anayeuvunja huvimba tumbo na kufa.

Mwaka mzima haukuwa mbaya. Tobi alikula vizuri na Josia akanenepa. Alistidia alijifunza kumtazama mbwa kabla ya kumtazama mumewe. Alimfukuzia nyoka, alimtoa kupe, alisimama njiani gari lilipopita. Ndipo utumishi wa Bwana Whitlock ukaisha, na barua ikaja kwamba yeye na Memsabu warudi kwao moja kwa moja, na kwamba mbwa anaweza kwenda nao akiwa na cheti, sindano tatu, na sanduku lenye vipimo vilivyoandikwa. Akifika atafungiwa miezi sita kwenye vibanda vya serikali, wahakikishe hana kichaa cha mbwa.

Alistidia aliposikia habari ya miezi sita, alisukuma sahani kando. Alikwenda kwa Memsabu siku ya kukunja mapazia. Alipiga magoti kama anavyosalimiwa mtu mkubwa, na Memsabu, ambaye hakupenda apigiwe magoti, alichuchumaa naye sakafuni.

"Memsabu, mwache Tobi hapa. Mimi nitamlea. Nitampikia nyama."

"Najua ungempikia, Alistidia. Lakini tumekaa naye miaka saba. Wewe ungemwacha mtoto wako?"

"Josia atafungwa."

"Ameniambia," Memsabu alisema, na macho yake yalikuwa na machozi kweli. "Nimewaandikia wale wa vibanda. Nimeomba chumba chenye jua. Wamekubali."

"Chumba cha nani?"

"Cha Tobi," Memsabu alisema. Akafikiri kidogo. "Basi na Josia atapata jua."

Alistidia alishukuru, kwa kuwa jua ni jua.

Karatasi zilijazwa ofisini na karani Ishengoma, kijana wa Rubya aliyesoma na mwenye adabu. Alisoma kila mstari kwa sauti ili Josia aelewe: jina, jinsi, rangi, umri, mwenye mali. Josia alivua kofia akauliza kama jina lake linaweza kuingia mahali.

"Mzee wangu, hakuna mstari wa mtu," Ishengoma alisema. "Ninge­kuwa nao ningekuandika."

"Hata chini, pembeni?"

Ishengoma alitazama mlango, kisha kwenye mstari wa alama za pekee akaandika: *ana ndugu mmoja, Josia wa Kagoma*. Mchana Bwana Whitlock alipitia karatasi, akakata maneno hayo kwa rula na wino mwekundu. Alimweleza Ishengoma kwa upole kwamba mstari ule ni wa alama zinazoonekana kwa macho.

Sanduku alipewa Rugaibula alitengeneze. Alipokea vipimo, akaenda kuchagua mbao za msizi, akaongeza nusu futi kila upande bila kumwambia mtu. Bwana alilipima, akalirudisha. Rugaibula alilikata likarudi kwenye kipimo. Kisha alikaa siku mbili akipiga randa upande wa ndani mpaka mbao zikawa laini kama shavu la mtoto, na akatoboa matundu ya hewa thelathini badala ya kumi na mawili, kwa sababu matundu hayakuwa na idadi iliyoandikwa.

"Nisamehe, munywani, rafiki yangu," alimwambia Josia.

"Wembe haukuwa mkali," Josia alisema. "Si kosa lako."

Tobi alitakiwa alizoee sanduku. Alifungiwa saa moja siku ya kwanza, saa mbili siku ya pili. Josia alijikunja palepale jikoni kando ya jiko, magoti kidevuni, na hakuweza kunyoosha mguu mpaka mbwa alipofunguliwa. Wiki hiyo Memsabu alipika supu mwenyewe, akimruka Josia kwa uangalifu, na hakulalamika hata mara moja.

Alistidia alikataa mumewe afungwe ugenini. Siku mbili kabla ya meli, Thakorbhai mnunuzi wa kahawa aliwapa nafasi kwenye lori lake lililokwenda Muleba, washuke kwao Kagoma. Dereva alipanga magunia matupu chini ya Josia ili asiumizwe na njia. Usiku wa kwanza Kagoma Josia alilala amejinyoosha. Asubuhi ya pili alikuwa anakunywa uji, akaweka kikombe chini, akasema, "Wameshafunga," akajikunja kwenye nyasi za sakafuni.

Safari ya Tobi ilichukua mwezi na siku kadhaa. Alistidia aliifuata kwa kiganja, ameweka mkono kifuani pa mumewe. Ziwani Josia alitapika. Kwenye treni alitikisika siku mbili mfululizo, hata meno yakagongana. Baharini joto lilimpanda mpaka nyasi zilizokuwa chini yake zikakauka na kuvunjika, na majirani walipokezana kumpepea kwa majani ya migomba, wengine bila kuitwa. Halafu siku moja Josia hakuamka. Alipumua mara moja, na Alistidia akahesabu mpaka ishirini ndipo akapumua tena. Pengine mbwa alikuwa amepewa dawa ya usingizi. Pengine mbwa alikuwa anakufa. Hapakuwa na mtu wa kuuliza. Wanawake walianza kuingia kimya na kukaa chini kando ya ukuta, kama wanavyokaa penye msiba, na mmoja alikuwa ameshafunga kiuno. Alistidia aliwaona, akaogopa kuwafukuza, maana huenda kesho yake angewahitaji. Siku ya pili jua likitua, Josia alifumbua macho akaomba maji. Wanawake walimchotea, wakaenda zao kupika.

Mwezi wa Septemba aliweza kusimama. Aliinuka, akapiga hatua nne, akagonga paji la uso. Akageuka, hatua mbili, akagonga bega. Alipapasa pande zote kwa viganja, mahali ambapo watu wengine waliona mlango na mtungi na kuku.

"Ni wavu wa chuma," alisema. "Chini ni sementi. Jua lipo, Memsabu hakudanganya. Linafika mguuni."

Alistidia alihamishia mafiga yake karibu na pale wavu ulipokuwa. Yeye na watoto na kuku walipita bila kuzuiwa; ni Josia tu aliyezuiwa. Kwa hiyo alilala ndani pamoja naye, akajifunza kulala katika upana wa hatua mbili. Hakulazimika kumlisha. Josia alishiba asubuhi na jioni bila kula, akanuka nyama asiyoijua. Baridi ya kule ilipokuja, pumzi yake ilitoka na moshi hali Kagoma watu walikuwa wanaanika kahawa. Majirani walileta blanketi tatu. Hazikusaidia, lakini walizileta.

Lililomtisha Alistidia zaidi ni yale Josia aliyosikia.

"Wapo wengi," alimwambia. "Wanalia. Mmoja yuko ukuta wa pili, sauti yake nzito. Kila kukicha anaanza yeye."

Siku nyingine alikaa muda mrefu ameegemeza sikio hewani.

"Baba Jovitha, kuna nini?" Alistidia alimwuliza mumewe.

"Wa ukuta wa pili leo amenyamaza. Wamekuja na ndoo, wanaosha."

Alistidia alishika vidole vyake na hakuviachia mpaka alasiri.

Siku ya mia moja themanini na mbili Josia aliinuka, akanyoosha mkono, na mkono haukugonga kitu. Alitoka nje mpaka mgombani. Alistidia alipiga kigelegele, watu wakaja, lubisi, pombe ya ndizi, ikatolewa. Lakini kabla kikombe hakijazunguka wote, Josia aligeuka, akarudi ndani, akalala chini mahali palepale mkutano ukiwa haujaisha. Hakuweza kuinuka. Tobi alikuwa amefika nyumbani kwake na kulala mbele ya moto.

Ndivyo ilivyokuwa siku zote zilizofuata. Bukoba mbwa aliweza kulala huku Josia akipika; baada ya wavu, Josia alitembea pale Tobi alipotembezwa, basi. Alistidia alimwomba karani Ishengoma aandike barua, na ndani yake aliomba jambo moja tu: ajulishwe saa, ili apange kazi za shamba. Jibu lilikuja kwa ndege, kwenye karatasi nzuri ya buluu. Memsabu alisema wanamkumbuka sana Josia na supu zake. Tobi hutembezwa saa moja asubuhi na saa kumi jioni, na Jumapili mwendo huwa mrefu zaidi. Saa moja ya huko, Ishengoma alieleza, kwetu ni saa nne.

Katika habari ile Alistidia alishika neno la Jumapili. Kanisa halikuwa mbali na nyumba yao; mwendo wa robo saa. Mchungaji Gamaliel alikuwa amemtenga Josia na Meza ya Bwana kwa ajili ya omukago, lakini alipoona mtu anaishi namna ile alisema adhabu imetosha, akamfungulia. Zaidi ya hapo, alisogeza ibada ya Pasaka mbele, ili saa ya kushiriki iangukie matembezi. Wazee wa kanisa walikubali bila kura.

"Sali ukiwa unatembea," Alistidia alimwambia mumewe asubuhi ile, akimfunga vifungo vya shati. "Ukifika, usisalimiane na mtu."

Saa nne miguu ya Josia iliamka. Walikwenda wote wawili haraka kati ya migomba, wakaingia kanisani wimbo ukiendelea, na watu waliokuwa kwenye mstari wakajivuta kando.

"Pita, Josia. Pita mbele, sisi tuna muda."

Aliwapita watu wengi. Lakini mbele kabisa alikuwepo Bibi Anatolia, mama yake mkubwa, mzee kuliko wote pale, ameegemea fimbo.

"Pita, mwanangu," bibi alisema.

"Siwezi kukutangulia, mae," Josia alisema. "Wewe kwanza."

Bibi Anatolia alianza kupiga goti, polepole, kwa sababu ya nyonga yake. Alishusha goti moja, akapumzika. Josia alisubiri nyuma yake, mikono amekunja kifuani. Bibi alishusha goti la pili, na miguu ya Josia ikageuka.

Mchungaji alimwona, akabaki ameshika kikombe kwa muda, kisha akampa aliyefuata. Alistidia alikuwa nyuma yake kwa watu wanne. Alitoka mstarini, akamshika mumewe mkono, wakapita katikati ya mabenchi, na watu wakavuta miguu yao ndani ili wawili wale wasijikwae.

Nje kulikuwa na jua kali. Josia alisema huko mvua imeanza, ndiyo maana wanarudi mapema. Nywele zake zilikuwa zimelowa, na maji yalimtiririka shingoni mpaka ndani ya shati la Pasaka. Alistidia alivua leso yake ya kichwani akamfunika, wakaongeza mwendo, kwa kuwa Bwana Whitlock alikuwa ameshapiga mluzi.