Kasi ya Siku Moja

Wanawake wa chumba cha kufulia nguo cha hospitali walimwita msichana yule Profesa, ingawa alikuwa amemaliza chuo juzi tu na viatu vyake vya kazini vilikuwa jozi moja.

"Profesa, hebu tuambie, huko chuoni walikufundisha na kufua?"

"Walimfundisha kuandika namna wengine wanavyofua!"

Alicheka nao. Hawakuwa wageni kwake. Shangazi yake, aliyemlea baada ya mama yake kufariki, alikuwa akikunja mashuka katika chumba kile miaka na miaka, na yeye utotoni alikuwa akilala pale juu ya marundo ya blanketi zenye joto, akingoja kazi iishe warudi nyumbani. Hakuna hata mmoja kati ya wale wanawake sita ambaye hakuwahi kumfuta kamasi.

Sasa mkurugenzi alikuwa amemwajiri apange upya utaratibu wa kazi, idara baada ya idara, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba aanze na chumba cha kufulia. Wodini alikuwa amemwona mama aliyetoka kujifungua amelala juu ya godoro tupu la plastiki, akisubiri shuka ambalo lilikwisha kufuliwa na kukauka, ila lilikuwa limekwama njiani. Nguo chafu na nguo safi zilipita mlango mmoja. Toroli moja likiingia, jingine lililazimika kurudi nyuma. Pasi kubwa ilikuwa upande huu wa chumba na meza ya kukunjia upande ule. Alikuwa ameshachora kila kitu: mlango wa pili ufunguliwe, meza isogezwe, kina mama waache kutembea bure siku nzima. Mgonjwa angepata shuka lake, na mfuaji angerudi nyumbani na miguu isiyovimba. Aliamini hivyo kwa moyo wake wote, na sidhani kama ni kosa kuamini hivyo.

Ila kabla ya kubadili chochote, ilibidi apime kazi jinsi ilivyo.

"Fanyeni kama siku zote," aliwaambia Jumatatu asubuhi, saa ya kupimia mkononi. "Nihesabuni kama sipo."

"Hupo vipi, na umetusimamia kama mkwe aliyekuja kukagua jiko?" alisema Kinanda. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake ukishafunguliwa haufungiki.

Profesa hakujua kwamba Ijumaa, alipoondoka, Shangazi alikuwa amewakusanya wenzake kando ya mashine.

"Mtoto wetu anaanza kazi," aliwaambia. "Mkubwa atasoma atakachoandika. Tusimwaibishe jamani."

Wote walimwelewa. Mgeni akija, nyumba hufagiliwa; nani humwonyesha mgeni vumbi lake? Kwa hiyo Jumatatu ile hakuna aliyekunywa chai. Hakuna aliyekaa. Aliyebanwa na haja alijizuia. Hata Kinanda alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea hata msibani. Yeye na Shangazi walikuwa wenzi wa meza ya kukunjia: huyu anashika pembe mbili za shuka, yule pembe mbili, wanakutana katikati. Tangu kifundo cha mkono wa Shangazi kianze kuvimba, Kinanda ndiye aliyebeba upande mzito, na hawakuwahi kulizungumza. Siku ile walikutana na kuachana kama watu wanaocheza ngoma. Adhuhuri haijafika, rundo lilikuwa limekwisha.

"Sikujua mnafanya kazi namna hii," Profesa alisema, macho yamemlowa.

"Andika hivyohivyo," alisema Kinanda, akihema. "Mkubwa ajue mtoto wetu katoka mikononi mwa nani."

Naye akaandika hivyohivyo.

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kufoka. Alisoma taarifa yote, akavua miwani.

"Kazi nzuri sana, binti yangu. Na meza ikisogezwa watakwenda haraka zaidi?"

"Haraka zaidi, mzee. Shuka litafika wodini mapema."

"Basi wanne wanatosha."

Profesa alidhani hakusikia vizuri. "Hatukuzungumzia kupunguza watu."

"Ulidhani tunapanga upya kwa ajili ya nini?"

"Lakini siku ile hawakunywa hata chai," alisema, na maneno yalipokuwa yakimtoka ndipo alipoelewa alichokuwa amekiona. "Walikuwa wanakimbia. Walifanya kwa ajili yangu."

"Kumbe wanaweza." Mkurugenzi alivaa miwani yake. "Kama huamini, pima tena Alhamisi. Nitakuja mwenyewe. Wawili watakaokuwa nyuma, ndio hao."

Jioni Profesa alimkuta Shangazi akimfunga mumewe bandeji. Mzee alikuwa ameshakatwa mguu mmoja kwa sababu ya kisukari, na huu wa pili ulikuwa na kidonda. Dawa zake alizipata bure kwa kadi ya kazi ya mkewe. Bila kazi hakuna kadi, na bila kadi hata Mzee mwenyewe alijua kinachofuata, naye alikuwa na mazoea ya kuuambia ule mguu uliobaki, "Wewe mshukuru mke wangu, si mimi."

Profesa alingoja mpaka Mzee aliposinzia, kisha akamweleza Shangazi yote uani.

Shangazi alikunja na kukunjua kitambaa kilichobaki mkononi. "Kumbe tulijichimbia wenyewe."

"Niliyewachimbia ni mimi."

"Wewe ulisema tufanye kama siku zote. Sisi ndio tuliojifanya hodari." Akajaribu kucheka. "Basi Alhamisi tutafanya kama siku zote. Chai, soga, na Kinanda apige domo lake mpaka mkubwa azibe masikio. Tukienda polepole wote, atamwona nani yuko nyuma?"

Aliwaambia wenzake, nao wakakubali wote. Kinanda aliapa kwa kaburi la mama yake.

Alhamisi mkurugenzi alisimama mlangoni, mikono nyuma. Walianza vizuri. Toroli lilisukumwa polepole, birika la chai likawekwa mezani, Kinanda akaanza kisa cha mlevi aliyempigia hodi mbuzi. Ndipo yule mdogo wao, wa kwenye pasi, mjane mwenye watoto wadogo, alipoinua macho na kumwona mkurugenzi akimtazama. Mikono yake ikaongeza mwendo, kidogo tu. Jirani yake akaona, naye akaongeza. Chai ikabaki inapoa. Kisa cha mlevi kikakatika kabla mbuzi hajaitikia. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na chumba kizima kikawa kinavuta.

Shangazi alichukua shuka, akanyoosha pembe mbili kuelekea kwa mwenzi wake.

Kinanda alikuwa tayari na shuka lake. Alikuwa akilikunja peke yake, amelibana kwa kidevu kifuani.

"Mwenzangu," Shangazi alisema.

"Nisamehe, dada." Hakuinua macho. "Nina watoto."

Shangazi alibaki amesimama, shuka linaning'inia na kugusa sakafu. Alijaribu kulikunja mwenyewe. Kifundo kikakataa, shuka likaanguka. Profesa aliweka saa juu ya meza, akaja, akashika pembe mbili zilizobaki.

"Rudi," Shangazi alinong'ona. "Atasema sijiwezi."

"Acha aseme."

Walikunja la kwanza. Walikunja la pili. Pembeni yao watu walikuwa wakikimbia bila kutazamana.

"Hayo mawili usiyahesabu," mkurugenzi alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akatazama saa yake. "Binti, njoo ofisini tumalize. Jumatatu tunaanza jikoni."

"Siendi," Profesa alisema, lakini aliliambia shuka, kwa sauti ambayo mlangoni haikufika. "Shangazi, naacha kazi hii leo hii."

Shangazi alivuta shuka lote upande wake, mpaka vidole vya yule msichana vikabaki vitupu.

"Uache, halafu Mzee atibiwe kwa mshahara wa nani?" alisema. "Nenda, mwanangu. Kuanzia leo inayotukimbilia ni miguu yako."

Mkurugenzi alikuwa akingoja. Msichana akaichukua saa mezani, akaenda.