Umbo Alilolaza Baba Mezani

Kaka alipofika na kompyuta yake, dada hakumkaribisha kiti. Tangu msiba walikuwa wakisalimiana shingo upande.

Marehemu baba yao, seremala, alikuwa na mchezo wake: vipande saba vya mbao vilivyokatwa kutoka mraba mmoja. Kila jioni alivipanga upya mezani, leo ndege, kesho mtu anayekimbia. Mauti yalimkuta amepanga sita, cha saba kiko mkononi. Binti yake alikirudisha pembeni ya vingine, basi. Alifagia chumba chote isipokuwa ile meza.

"Nataka kuvipiga picha," kaka alisema. "Nimetengeneza programu inayovipanga yenyewe, inatoa michoro bila kuchoka. Watu wa maonyesho wameipenda. Nimewaambia ni kumbukumbu ya mzee."

"Vipige hapohapo vilipo. Usiguse."

"Haya, mama mlinzi."

Dada alikwenda jikoni kuepua sufuria. Aliporudi, vipande vilikuwa vimetandazwa kwenye kitambaa cheupe, kila kimoja mbali na mwenzake. Meza ilikuwa imepanguswa vumbi, kompyuta iko juu yake.

"Umefanya nini?"

"Vilikuwa vimegusana. Mashine inataka kila kipande peke yake. Sasa unaninunia nini? Baba mwenyewe alivivuruga kila siku."

"Alivivuruga ili apange tena. Wewe ulitaka kupanga nini?"

Kaka akaigeuza kompyuta imwelekee. "Hilo umbo lako limo humu. Nionyeshe tu."

Dada aliketi kwa hasira. Alilitazama umbo lile kila asubuhi. Angelitambua hata usingizini. Michoro ikaanza kupita.

"Hili?"

"Siyo."

"Hili je?"

"Siyo, nimesema."

Kisha akainamia kioo. Pembetatu kubwa mbili zimeegemeana, mraba juu. Ukapita mchoro mwingine kama huohuo, mraba umeinama kidogo. Halafu mwingine.

"Ukali wote huo," kaka alisema, "kumbe hata hulikumbuki."

Dada akaifunga kompyuta kwa kiganja. "Toka."

"Na vipande?"

"Baba alikufa na kimoja mkononi. Wewe utatoka mikono mitupu."

Kaka alikwapua kompyuta yake akaondoka bila kuaga, mlango akauacha wazi.

Dada alishika pembetatu kubwa, akaiweka mezani. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Ile michoro ilikuwa bado inapita kichwani mwake, na kwenye meza hapakuwa na hata alama ya vumbi ya kumwelekeza.