Mipaka ya Little Ambleby

Jumatatu saa tatu asubuhi, Edina aliposhuka basini, mafundi wawili walikuwa juu ya ngazi wakilipaka kanisa ukungu. Walikuwa na kopo la rangi ya kijani na brashi ndogo, na kila baada ya muda walishuka, wakasogea mbali, wakatazama kama ukuta umezeeka vya kutosha. Kanisa lenyewe lilikuwa na miezi kumi na minne. Pembeni yake palikuwa na daraja la mawe, baa yenye picha ya mbweha mlangoni, na nyumba thelathini na moja zenye dohani ambazo hazikuwahi kutoa moshi. Mahali hapo paliitwa Little Ambleby, na ili kufika kutoka katikati ya Guangzhou ulipanda metro mpaka kituo cha mwisho, halafu basi dakika arobaini.

Edina alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa historia, mzaliwa wa Bukoba, na huu ulikuwa mwaka wake wa tano China. Kibali chake cha kukaa kingeisha Julai. Chuo kilimwambia kitaongezwa akileta barua ya mafunzo kazini yenye muhuri mwekundu wa kampuni, kampuni yoyote ile. Aliyemtafutia nafasi hii ni Rotich, Mkenya aliyenunua nguo katika soko la Shisanhang na kuzisafirisha Nairobi, na ambaye kila Jumamosi na Jumapili alivaa joho na kola nyeupe akawa kasisi wa Little Ambleby, akiwapungia mkono watu waliokuja kuangalia nyumba.

"Wanataka tu mtu asiwe Mchina," Rotich alimweleza simuni. "Hiyo mambo ingine hawana shida nayo. Mimi ni Mkalenjin na nabariki watu."

Meneja wa mradi, Bwana Feng, alimpokea kwa heshima na chai ya moto. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, shati limenyooka, na alijua anachotaka.

"Wateja wanauliza historia," alisema. "Tunahitaji ya miaka mia tisa. Ifikapo Ijumaa."

Edina hakuona ajabu. Alikwisha kusoma historia nyingi zilizoandikwa kwa haraka kuliko hiyo. Alianza mwaka 1086, kwa sababu Waingereza wanaupenda sana mwaka huo, ule wa orodha kuu ya ardhi zao, akaleta tauni, akaleta kengele iliyopasuka siku ya harusi, akaleta ugomvi wa nguruwe uliodumu vizazi vitatu. Aliweka bwana mkubwa aliyekuja na karatasi akachukua malisho ya wanakijiji wote. Alipofika kwa kasisi akaishiwa, basi akamwazima katekista wa parokia ya kwao, jongo lake la mguu wa kushoto na hasira zake zote, akampa jina la Josiah Thripp.

Ugumu ulikuja kwenye mipaka. Zamani, kila mwaka, waumini wa parokia ya Kiingereza waliuzunguka mpaka wao kwa miguu, wakachapa kila jiwe kwa fimbo, kisha wakawapindua watoto kichwa chini na kuwagongesha kwenye jiwe, polepole lakini vya kutosha, ili watakapokuwa wazee wasisahau mpaka unapita wapi. Edina aliipenda mno desturi hiyo na alitaka iwemo. Lakini desturi ya kuzunguka mpaka inadai mpaka, na yeye hakuwa nao.

Akatazama dirishani. Nje ya uzio alisimama bibi mmoja na mwavuli, mahali pale pale alipokuwa amesimama asubuhi. Wafanyakazi walimfahamu. Aliitwa Bibi Ou, miaka themanini na miwili, wa kijiji kilichokuwepo hapo kabla ya hiki. Alikuja kila siku kuangalia miti yake mitatu ya lichi iliyokuwa ndani ya uzio.

Edina akatoka na daftari. "Shikamoo" haina Kichina chake, basi aliinama kidogo akauliza, "Bibi, mpaka wa hapa unapita wapi?"

Bibi Ou alijibu kama mtu aliyeambiwa aketi baada ya kusimama miaka minne. Unatoka kisimani, alisema, unakwenda mpaka mti mkubwa, unaiacha miti ya lichi nje, unashuka kijitoni na kukivuka, unarudi kisimani kupitia jiwe bapa. Upande huo wa kanisa waliuza kweli, na yeye alitia sahihi. Miti hakuuza. Uzio ulikuja asubuhi moja yeye akiwa hospitalini na mguu, ukaingia kwake hatua kumi na moja. Kule kijitoni, penye tope, ukarudi nyuma, maana tope hakuna aliyelitaka.

"Niliwapelekea hati," alisema. "Waliniambia uzio uko pale ulipo."

"Ni kweli uko pale," Edina akasema.

Aliandika yote kama alivyoambiwa, jiwe kwa jiwe, hatua kwa hatua. Mti mkubwa akaugeuza mwaloni. Alijiambia kwamba historia ikishakuwa ya uongo kiasi kile, si vibaya iwe na mpaka mmoja wa kweli ndani yake, na Ijumaa akaikabidhi. Jumapili ilikuwa imechongwa kwenye bamba la shaba na kubandikwa ukutani mwa kanisa, juu ya ukungu.

Jumatatu walifika wafu wa Little Ambleby, watu arobaini na watatu, kila mmoja na fimbo yake. Mlinzi wa geti aliwataka vitambulisho. Karani wa parokia, mzee mrefu mwenye miwani ya mviringo, alimwonyesha mistari ya bamba ambamo kila mmoja alitajwa, na mlinzi akaandika namba za mistari kwenye daftari la wageni. Penye namba ya simu aliandika hakuna.

Kasisi Thripp alimwendea Edina moja kwa moja, akichechemea. "Binti, wewe ndiye mwandishi?"

"Ndiyo, Baba."

"Mguu huu ulikuwa wa lazima?"

Edina akaomba radhi. Sauti ilikuwa ya katekista kabisa, na kwa dakika nzima alijihisi hakufanya kazi ya nyumbani ya katekisimu.

Kisha wakaanza kuuzunguka mpaka. Walitoka kisimani wakapita penye mwaloni, ambao bado ulikuwa mti wa Kichina, na kila jiwe walilichapa kwa bidii. Walipofika kwenye miti ya lichi walikata ndani kabisa ya uzio, wakaiacha miti yote mitatu nje ya parokia, wakaenda zao. Kule kijitoni walipenya waya wakatokea upande wa tope, na suruali kadhaa za karne ya kumi na saba zikararuka. Wateja walipiga picha. Bibi Ou, chini ya mwavuli wake, alitikisa kichwa kukubali kila walipopita sawasawa, na mara moja tu akawaambia wasogee kushoto kidogo. Wakasogea.

Kwenye jiwe bapa walisimama. Ilikuwa zamu ya kumgongesha mtoto, na hawakuwa na mtoto. Karani akatazama huku na huku akamwona mtu mwenye umri mdogo kuliko wote waliokuwepo. Wanaume wanne wakamshika Bwana Feng, wakampindua na shati lake lililonyooka, wakamgongesha utosi kwenye jiwe mara tatu, kwa upole wa watu wenye mazoea. Wakamrudisha wima, wakampangusa vumbi. Kasisi akampa kipande cha mkate.

Tangu siku hiyo Bwana Feng hakuweza kusahau mpaka unapita wapi. Aliujua akila, aliujua akioga. Kwenye mkutano wa simu na wakubwa wa kampuni aliulizwa kuhusu mauzo ya robo mwaka, akajibu kwamba uzio umeingia hatua kumi na moja kwenye ardhi ya Bibi Ou na miti mitatu ni ya kwake. Wakamwambia arekebishe. Akauliza arekebishe uzio au nini. Wakamwambia arekebishe historia.

Akaja kwa Edina ameshika chai ileile. "Sentensi moja tu," alisema, akitazama sakafu. "Kwamba mpaka wa parokia tangu kale ni uzio."

"Lakini wewe unajua siyo."

"Najua vizuri sana," Bwana Feng akasema, akajishika utosini. "Barua yako ninayo mezani. Imebaki muhuri."

Edina alifikiria Julai. Alifikiria sura tatu za tasnifu zilizobaki, na mama yake aliyekwisha kuwaambia watu wa jumuiya kwamba Edina anarudi daktari. Akaiandika. Ilimchukua muda mrefu kuliko ile miaka mia tisa, nayo ilikuwa na maneno saba. Usiku huo hakula.

Asubuhi karani wa parokia alilisoma bamba jipya, akavua miwani, akaifuta.

"Karatasi kama hii ililetwa na bwana mkubwa wakati wa babu yangu," alimwambia Edina. Hakuwa na kinyongo. "Ya kwake ilikuwa na mwandiko mzuri zaidi."

Kisha wote arobaini na watatu wakachukua fimbo na kuuzunguka mpaka uleule wa zamani, kwa hatua zilezile, wakaiacha miti nje.

Kampuni haikukosa busara. Waliona kwamba wateja huja zaidi siku za maandamano, na kwamba waya unaharibiwa. Wakakata mlango mdogo kule kijitoni, wakaweka kibao cha ratiba, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Nyumba ishirini na nane zikanunuliwa. Rotich akaambiwa asije tena.

"Hao wasee wamenikula kazi," alimlalamikia Edina kwenye mkahawa mmoja wa mtaa wa Dengfeng, mbele ya sahani ya pilau. "Hawalipwi, hawali lunch, na Kizungu chao ni original. Nitashindana nao aje? Nikamwambia laoban, huyo bosi, hata mimi siku moja nitakufa, anivumilie. Akasema mei you, hakuna nafasi."

Mlango ule haukuwa na mlinzi. Bibi Ou aliingia kupitia upande wa tope, akajiunga na wafu kisimani, na kwa kuwa orodha ilisema waandamanaji, mlinzi wa getini alimhesabu wa arobaini na nne. Mara mbili kwa siku alipita mbele ya miti yake, akaigusa mmoja mmoja, Kasisi Thripp akimngojea na kulalamikia mguu. Mpaka ulipotoka, naye alitoka. Uzio haukusogezwa hata kidole.

Juni lichi ziliiva. Kampuni ilizichuma, ikazipanga kwenye maboksi mazuri ya zawadi, na siku Edina alipokwenda kuchukua barua yake, Bwana Feng aliipiga muhuri mwekundu, akampa na boksi moja juu yake. Jingine alikwisha kumpa Bibi Ou, kwa ujirani mwema. Alimpa kwa mikono miwili.

Edina akamkuta Bibi Ou kituo cha basi, boksi magotini.

"Nisomee," Bibi Ou akasema, akionyesha maandishi ya dhahabu. "Macho yangu hayaoni Kizungu."

"Limeandikwa, matunda ya Little Ambleby, kutoka miti ya parokia yetu, tangu mwaka 1086."

"Nani kaandika?"

Edina angeweza kusema kampuni, ingawa mwaka na parokia vilitoka kwenye historia yake. Barua ilikuwa mkobani, muhuri haujakauka sawasawa.

"Mimi, Bibi."

Bibi Ou alifungua boksi, akachambua, akachukua tunda moja, akalimenya kwa kucha ya dole gumba, akampa.

"Hili la mti wa kati," alisema. "Ule aliupanda mama mkwe wangu."

Edina akala. Lilikuwa tamu kuliko tunda lolote alilowahi kula China, na aibu ilimjaa mpaka masikioni. Akatema kokwa mkononi, hakujua pa kuiweka.

Bibi Ou akammenyea jingine.